Tairi za Ndani

Tairi hunyolewa mabegani kwanza. Asiyejua huanzia katikati, kisu kinazama, na mpira unabaki na mashimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Subilaga alijua. Alikuwa kinyozi wa tairi pale Lwanji, chini ya mlima, na kisu chake cha moto kilipopita, kashata, vile vinundu vya mpira vinavyong'ata barabara, zilianguka chini kwa mikanda mirefu kama maganda ya viazi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Tairi za Lwanji hazikuwa na hata moja.

Kazi hiyo isingekuwepo kama kungekuwa na nguzo za umeme. Ziliwahi kuwepo. Mlima uliporomoka ukazibeba, wakubwa wakakaa, wakapiga hesabu, wakaona kwamba watu wa Itunzi kule juu hawana thamani ya nguzo nyingine. Badala yake wakaleta malori. Kila lori lilibeba betri kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, likaijaza Lwanji kwenye mitambo ya jua, likaipandisha Itunzi, na mji ukanywa humo mpaka lori jingine lifike. Lori lenyewe nalo lilikunywa kutoka betri hiyohiyo. Hapo ndipo palipokuwa na shida, maana dereva ni binadamu, na miaka ya mwanzo madereva waliuza yuniti njiani kama babu zao walivyouza dizeli kwenye madumu.

Basi ikatungwa sheria. Betri ilipimwa ikitoka Lwanji, ikapimwa tena ikifika Itunzi. Njia ilikuwa na posho yake ya yuniti. Lori likila zaidi ya posho, iliyozidi ilikatwa nyumbani kwa dereva: kwa mkewe, kwa mama yake, kwa watoto wake, ambao wote walipangwa mtaa mmoja ili wasisumbue kuhesabiwa. Na lori lisilofika kwa siku yake, nyumba ya dereva haikuwashwa kabisa mpaka lifike. Wizi ulikoma wiki ileile. Wakubwa wakapeana mikono, wakaenda kula.

Madereva wakabaki na hesabu yao. Posho ilikuwa finyu, mlima ulikuwa uleule, betri ileile. Kitu pekee walichoweza kugusa ni tairi. Tairi yenye kashata hujipinda kila inapokanyaga, ikijipinda hupata joto, na joto lile ni yuniti zilizotoka kwenye betri. Nyoa mpira ukabaki upara, jaza upepo mpaka iwe ngumu kama jiwe, lori litateleza barabarani kama sabuni bafuni. Mvua ikinyesha litateleza vilevile, ila si kule anakotaka dereva.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Umechelewa."

Ambakisye, mdogo wake, alishuka kwenye lori akiwa anatafuna mkate. Alikuwa na miaka thelathini na mbili na bado alikula akitembea. "Ninyolee zote kumi," alisema. "Mpaka zing'ae."

Subilaga alitazama juu. Mlima ulikuwa umejitanda wingu jeusi kuanzia kiunoni. "Unaliona lile?"

"Naliona."

"Safari iliyopita gurudumu lilining'inia korongoni. Ulinihadithia unacheka."

"Nisingecheka ningefanya nini? Ningelia?" Akafuta makombo mdomoni. "Dada, mama anawekwa kwenye mashine kila siku. Damu yake haijisafishi yenyewe. Makato ya yuniti kidogo tu, mashine inazimika katikati. Unataka nimwambie mama kwamba nilichagua tairi nzuri?"

"Nataka ufike."

"Nitafika. Wewe nyoa."

Akaenda kulala kivulini wakati betri inajaa. Subilaga alimwangalia amelala mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala utotoni mgongoni kwake, akasikia uchungu wa kweli, ule wa kifuani. Akawasha kisu.

Lori lile lilikuwa na tairi mbili mbele na nane nyuma, na zile za nyuma zilifungwa mbilimbili, moja nje, moja ndani. Dereva wa Lwanji, kabla ya kuondoka, huzunguka lori lake na kuipiga kila tairi teke. Teke halifiki tairi ya ndani. Subilaga alinyoa mbili za mbele. Akanyoa nne za nje mpaka ukaweza kujiona sura. Zile nne za ndani akaziacha na kashata zake zote, akazifunga hivyohivyo, akasukumia za nje juu yake, akakaza nati.

Alijiambia lori litakula zaidi, ndiyo, lakini kidogo. Mama atakosa mashine nusu saa, labda saa. Nusu saa haiui mtu. Mvua huua. Hakumuuliza mama, hakumuuliza Ambakisye, na ukimya huo aliuita mapenzi.

Ambakisye aliamka, akazunguka, akapiga mateke yake sita. "Ndaga, dada," alisema, yaani ahsante kwa lugha ya kwao. "Kipara safi kabisa."

*

Lori lilikuwa na sauti ya kike, ya upole, iliyorekodiwa na mtu ambaye hajawahi kupanda mlima ule. Lilikuwa halijamaliza hata tambarare ya Lwanji lilipotoa neno la kwanza.

"Matumizi yamezidi posho," lilisema.

Ambakisye alitazama kioo cha vipimo, akafikiri ni upepo wa mbele. Akapunguza mwendo. Njia ikaanza kupanda, mvua ikaanza kushuka, na sauti ikarudia maneno yaleyale kwa upole uleule. Alizima kipasha joto. Pumzi yake ikaanza kuonekana. Akazima taa za pembeni, kisha vifuta maji vya kioo, akawa anaviwasha mara moja moja kama mtu anayepepesa macho.

Alishika redio. "Dada, ulijaza upepo kiasi gani?"

"Kama kawaida."

"Lori linakula kama limefunga mwezi mzima. Hakuna tairi inayovuja?"

"Ni matope," alisema Subilaga. Alikuwa amekaa gerejini juu ya ndoo, redio mapajani. "Barabara ikilowa, tairi inazama. Utakuwa sawa ukifika kwenye lami ya juu."

Kwenye lami ya juu hakukuwa sawa. Ukungu ulishuka, mzito, mweupe, ukafunga kioo. Pale katika dari ya kibanda cha dereva palikuwa na Jicho, chombo kinachoona ndani ya ukungu na kumwonyesha dereva kilichoko mbele kabla hajakifikia. Jicho lilikunywa yuniti kuliko vyote.

"Nazima Jicho," alisema kwenye redio.

"Usizime!"

"Njia naijua. Nikilizima nitafidia theluthi ya yuniti zilizozidi."

"Ambakisye, usizime Jicho. Sikiliza. Si matope." Aliinuka kutoka kwenye ndoo. "Tairi za ndani sikuzinyoa. Zote nne zina kashata. Nilitaka ushike barabara. Nisamehe, mdogo wangu, nilitaka tu ushike barabara."

Lori likadakia kwanza. "Matumizi yamezidi posho."

"Nani alikwambia uchague?" Ambakisye aliuliza hatimaye. Hakupaza sauti. "Mimi nilikwisha kuchagua. Mimi ndiye ninayekaa humu. Nilichagua mama, wewe ukaja nyuma yangu na kisu chako ukanichagulia mimi. Sasa sikia. Unachosikia sasa ni mimi nikizima Jicho."

Subilaga alisikia mlio mdogo wa swichi.

Mbele palikuwa na Bonde la Mianzi. Njia inateremka ghafla mpaka kwenye kalvati, kisha inapanda mara moja upande wa pili, mpando mkali kuliko yote. Madereva wana namna yao ya kulivuka. Hawagusi breki. Breki ya lori la umeme hurudisha chaji kwenye betri, ni kweli, lakini hurudisha nusu tu ya ilichokamata. Kasi ukiiacha yote, inakupandisha upande wa pili bure. Kwa hiyo wanaliachia lori. Tani arobaini zinashuka kwenye ukungu zikiwa zimeachiwa, na dereva ameshika usukani na mdomo wake.

Ambakisye akaliachia.

Katikati ya mteremko aliona matawi. Kila dereva anaijua lugha hiyo, ni ya zamani kuliko umeme: gari likiharibika, unakata matawi unayalaza barabarani mbali kidogo, ili anayekuja apunguze mwendo. Na kila dereva anajua pia tabia ya wenzake. Wakishatengeneza gari wanaondoka, matawi wanayaacha palepale. Kwa hiyo unaangalia majani. Yakiwa mabichi, kuna mtu mbele. Yakiwa yamenyauka, mtu alikwisha kuondoka, pita.

Yalikuwa yamenyauka, ya kahawia, yameganda kwenye lami. Ambakisye akapita juu yake bila kupunguza.

Mkia wa lori ulitokea kwenye ukungu kama ukuta. Lori lilikuwa limelala mtaroni kwa mbele, nyuma yake ikaziba nusu ya njia. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Tairi za mbele ziliteleza, zile za nje zikateleza, akahisi lori likianza kugeuka ubavu, kisha kitu kule chini kikang'ata. Zile nne za ndani zilishika lami. Lori lilinguruma, likatikisika lote, likasimama. Kati ya bampa lake na lori lile palikuwa na nafasi ya mtu kupita akijibana.

Alivuta breki ya mkono. "Dada," alisema kwenye redio, "zimeshika." Kisha akaanza kulia kwa hasira, kwa sababu alikuwa hai na hakuwa na wa kumlipa.

*

Mtu aliyejikokota kutoka mtaroni alikuwa Lusajo, jirani yao. Nyumba zao kule Itunzi zilipakana ukuta kwa ukuta, na mkewe, Tumwitike, ndiye aliyekuwa akimsaidia mama kufunga na kufungua mashine yake. Mguu mmoja wa Lusajo ulikuwa umevunjika chini ya goti. Aliufunga kwa mkanda wa suruali na vipande viwili vya mwanzi.

"Mwana wa Mama Subilaga!" alisema, na meno yakagongana kwa baridi. "Ndaga, ndaga fijo, ahsante sana. Umesimama. Wewe ndiye wa kwanza kusimama."

"Tangu lini uko hapa?"

"Juzi asubuhi. Vipara vilinitupa. Redio ikafa papo hapo. Watatu wamepita. Mmoja alinipigia honi." Alicheka vibaya. "Siwalaumu. Nilikata matawi nikiwa bado natambaa vizuri. Sasa yamekauka, wakiyaona wanadhani nimeshaondoka. Na wakiniona, wameshapita."

Na wakifika Itunzi, Ambakisye aliwaza, hawasemi. Maana atakayesema amemwona Lusajo ataulizwa kwa nini hakumvuta.

"Mbona hukuwasha hata kipasha joto? Betri yako si imejaa?"

"Imejaa pomoni. Nikiiwasha, siku nikifika nyumbani watakatwa." Lusajo alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vigumu. "Niliposhuka nilimwacha mke wangu amejifungua kabla ya wakati. Mtoto njiti, kaka, mdogo kama mkate. Yuko kwenye sanduku la joto. Nivute. Wewe una mnyororo?"

Ambakisye alikuwa nao. Na alikuwa na kitu ambacho hakuna lori jingine mlimani lilikuwa nacho: tairi nne zenye meno. Kipara hakiwezi kuvuta kipara kutoka mtaroni, kitajichimbia palepale. Yeye aliweza. Alirudi kwenye kibanda akauliza lori itagharimu kiasi gani.

"Yuniti mia mbili na kumi," lilisema lori kwa upole. "Matumizi yatazidi posho."

Alishika redio akamwambia dada yake yote. Pale bondeni ndipo mwisho wa redio ya Lwanji. Ukishavuka ukingo wa juu, mlima unaikata. Subilaga alisikiliza mpaka mwisho.

"Mia mbili na kumi ni mashine ya mama siku ngapi?" aliuliza.

"Tatu."

Ungedhani mwanamke aliyeacha kashata kwa huruma angesema mvute. Huruma ya watu wengi ina ua kuizunguka, na ua wa Subilaga ulikuwa na watu wawili ndani.

"Betri ya Lusajo imejaa, umesema."

"Imejaa."

"Basi chomeka waya."

Ambakisye alimtazama Lusajo kupitia kioo.

"Nisikilize. Nyumba ya Lusajo ilizimwa tangu juzi. Njiti hakai siku tatu bila sanduku kwa baridi ya Itunzi. Unajua na mimi najua. Mtoto yule hayupo. Wa kwake ameshaondoka, wa kwetu bado yupo. Chukua zile ulizokula kwa ajili ya tairi zangu, nenda umwokoe mama. Lusajo utamrudia."

"Ananitazama, dada."

"Usimtazame wewe."

Waya wa kuhamishia chaji ulikuwa mnene kama mkono wa mtoto. Ambakisye aliuburuta kwenye mvua. Lusajo alidhani ni mnyororo, akaanza kumwelekeza mahali pa kufunga. Alipouona waya ukiingia kwenye tundu la betri yake alijivuta karibu.

"Unafanya nini, Ambakisye?"

"Nitarudi kukuvuta."

"Unafanya nini?"

"Mama yangu yuko kwenye mashine."

"Na mwanangu yuko kwenye sanduku!"

Ambakisye alikuwa na maneno ya dada yake mdomoni, akayatema. "Nyumba yako ina giza tangu juzi, Lusajo. Njiti. Piga hesabu mwenyewe."

Lusajo alipiga hesabu. Ilionekana usoni pake akiipiga, hatua kwa hatua, na alipofika kwenye jibu alijitupa juu ya waya kwa mikono yote miwili akavuta. Hakuwa na nguvu. Ambakisye alimwondoa vidole kimoja kimoja, kwa upole, akasema samahani, samahani kaka, kama mtu anayempita mwenzake msikitini. Akambeba mgongoni mpaka kwenye kibanda cha lori lililolala mtaroni, akamlaza kitini, akamfunika blanketi yake mwenyewe. Kumpandisha Itunzi hakuthubutu, maana atakayefika na Lusajo ataulizwa lori liko wapi. Alimwachia mkate uliobaki. Adabu yote ya kwao aliitimiza. Nyuma yao pampu ya waya ilivuma, vipimo vya lori moja vikishuka na vya jingine vikipanda.

Lori lake likasema, "Matumizi yako ndani ya posho. Endesha salama."

Alipochomoa waya Lusajo aliongea bila kumtazama. "Basi nikatie matawi mabichi."

Ambakisye alichukua panga akapanda ukingoni, akakata mianzi na matawi, mengi, akayapanga barabarani pande zote mbili vizuri kuliko dereva yeyote alivyowahi kuyapanga. Hilo halikuwa na makato.

*

Itunzi palikuwa na jua la jioni juu ya mawingu, baridi kavu. Bwana Mwaipaja, mpimaji wa mji, alichomeka kifaa chake kwenye betri, akasoma, akasoma tena. Alikuwa mtu wa haki. Kila mtu mjini alisema hivyo, na hakuna aliyempenda.

"Mvua ile yote," alisema, "na uko chini ya posho. Wenzako watatu wamekatwa wiki hii. Umefanyaje?"

"Nimezima Jicho."

"Hongera sana. Nitakutangaza." Akaandika. "Hukuona lori la Lusajo?"

"Kulikuwa na ukungu," alisema Ambakisye.

Alikimbia kuteremka Mtaa wa Madereva. Nyumba ya Lusajo ilikuwa na giza, mlango umefungwa. Alipitisha macho haraka. Nyumba ya mama ilikuwa inawaka taa, dirisha la njano, na nyuma ya kioo alimwona mama mwenyewe amekaa kwenye kiti chake amejifunika blanketi mpaka kidevuni, anatazama barabara. Akaongeza mbio. Aliwaza: nimefika. Nimefanya ubaya, lakini nimefika.

Akafungua mlango. "Mama!"

Mama hakugeuka. Tumwitike aliinuka kutoka sakafuni kwa haraka akamziba mdomo kwa kiganja. Mkono wake ulinuka maziwa.

"Usilie," alinong'ona. "Kaka, nakuomba, usilie kwa sauti. Amekwenda alfajiri. Wakijua amekwenda, watakata laini ya mashine yake."

Mashine ya kusafisha damu ilikuwa imesukumwa pembeni, imefunikwa kanga. Kwenye tundu lake la umeme palikuwa pamechomekwa waya mwingine, na waya huo uliingia kwenye sanduku la kioo chini ya meza. Ndani ya sanduku, kwenye joto, alilala kiumbe mwekundu mwenye kofia ya sufu, kifua kikipanda na kushuka.

"Yu hai," alisema Ambakisye.

"Yu hai." Tumwitike aliondoa mkono taratibu. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti yoyote. Alikuwa ameshajifunza namna ya kulia hivyo. "Walipotuzimia, mama alisikia mtoto ananyamaza. Alikuja na fimbo yake akasema leta sanduku kwangu. Nikamuuliza, na mashine yako je, mama? Laini hii haitoshi vyote viwili. Akasema yeye chumvi ameshaila ya kutosha, huyu hajaonja hata maziwa. Siku ya kwanza alivimba miguu. Jana maji yakapanda kifuani. Nilitaka kuchomoa sanduku, akanipiga fimbo ya mkono."

Akamwonyesha alama.

"Alisema ni ya kuvumilia kidogo tu. Alisema, Lusajo ameharibikiwa njiani, na Ambakisye anapanda nyuma yake, atamvuta. Alisema madereva hawaachani."

Ambakisye alipiga magoti mbele ya kiti. Mikono ya mama ilikuwa imepangwa juu ya blanketi, baridi, na kichwa chake kilikuwa kimeegemezwa kwa mto ili kisianguke mbele ya dirisha. Koo lake lilijaa kilio mpaka likauma. Akakimeza. Kikarudi, akakimeza tena.

Tumwitike alipiga magoti kando yake. "Nisamehe kwa kumkalisha hivi. Lusajo akifika tutamlaza, tutamlilia kama inavyompasa." Akamgusa bega. "Kaka. Umemwona baba yake huyu?"

Ambakisye alitazama taa ndogo ya sanduku, ile nyekundu inayoonyesha kwamba joto linatosha. Mji wote jioni ile ulikuwa umeanza kunywa kutoka kwenye betri yake.

"Nimemwona," alisema.

"Mzima?"

"Mguu umevunjika. Mzima."

Tumwitike alishika mdomo wake kwa mikono miwili. Furaha ilimpanda usoni, kisha ikasimama, kama lori lililoishiwa, kwa sababu alikuwa mke wa dereva na mtoto wa dereva na alijua kuuliza.

"Sasa mbona hukumvuta?"

Nje, kwenye nguzo ya mtaa, kipaza sauti kilikohoa. Sauti ya Bwana Mwaipaja ikasambaa juu ya mabati, ikitangaza makato ya wiki, nyumba kwa nyumba, kisha ikapumua na kusema kwamba yuko dereva mmoja wa kuigwa na wote, aliyepanda kwenye mvua akala chini ya posho, na ni kijana wa mtaa huuhuu. Ikamtaja jina mara mbili.

Makelele yalimwamsha mtoto. Alikunja uso, akafungua mdomo, akaanza kulia kwa nguvu zake zote ndogo, na mle ndani yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa.